Ufuko wa Bumbire

Mahali pagumu kufikiwa husifiwa sana na wasafiri. Umbali huwa kama pazia mbele yake, na kila alifunuaye pazia hilo hujiona kuwa ni mtu wa kwanza kupaona. Sifa hii ina utamu, lakini ina hatari yake pia. Niliijua hatari hiyo katika safari ya kisiwa cha Bumbire.

Bumbire ni kisiwa cha Wilaya ya Muleba, kusini ya Bukoba, katika Ziwa Viktoria. Musira, kisiwa kilicho mbele ya mji wa Bukoba, huonekana na kila mtu apitaye ufukoni. Bumbire sharti kitafutwe. Niliiacha migomba na mibuni ya nchi kavu nikashuka mwaloni kungoja mtumbwi wa injini. Saa ya kuondoka haikuamriwa na nahodha, iliamriwa na upepo. Wahaya wa kale walimtaja Mugasha kuwa mwenye enzi ya maji, na mtu aliyekwisha kuona wimbi likisimama juu ya ubavu wa mtumbwi hawezi kulicheka jina hilo. Ziwa hili lina ukali wa bahari bila ya chumvi yake. Mkoa wa Kagera haujasahau tarehe 21 Mei, 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakapotea.

Tulipokikaribia kisiwa niliona mchanga mweupe kati ya majabali, maji matulivu na ndege wachache. Nilimwambia nahodha, mzee wa makamo, kuwa mahali pale palikuwa na upweke mzuri.

"Upweke ni wako uliyetoka mbali, mwanangu," alijibu. "Wenyewe wako nyumbani."

Alisema kweli. Nyuma ya jabali dagaa walikuwa wameanikwa juani, nyavu zilikuwa zikishonwa, na watoto walitusalimu kwa adabu.

Ufuko wa kisiwa hiki umepata kujua mgeni wa namna nyingine. Aprili 1875 Henry Morton Stanley, aliyekuwa akilizunguka ziwa kwa mashua, alitua hapa kutafuta chakula. Wenyeji waliivuta mashua yake nchi kavu wakachukua makasia yake. Alijiokoa kwa bunduki. Agosti mwaka ule ule alirudi na kundi la mitumbwi, akaisimamisha mbali kidogo na nchi, akawapiga risasi watu waliokusanyika ufukoni na mikuki na pinde zao. Habari hiyo, aliyoiandika mwenyewe magazetini, ilileta malalamiko hata Uingereza. Lakini malalamiko hayafufui maiti.

Nilitembea juu ya mchanga ule nikijua jambo hili, na uzuri wake haukupungua machoni pangu, uliongezeka uzito. Ufuko hauna alama ya msiba. Maji hufuta damu upesi kuliko wino. Kwa hiyo apendaye mahali pa mbali na akumbuke kuwa umbali hupimwa kutoka mlangoni kwake mwenyewe, na kuwa mbali kwake ni kizingiti cha mwingine. Kizingitini mgeni mwema hupiga hodi, kisha hungoja kukaribishwa.