Mawe mazito ya Mama Kimberly

Sisi wa inchi ya mukuba tunajua kupima jiwe kwa mukono. Jiwe likizidi uzito, tunaliangalia mara mbili. Mwezi huu twende Haviland, mugini mudogo wa Kansas, kule Marekani, mahali mama mumoja alikuwa na desturi hiyo.

Inchi ya pale ni tambarare, mashamba ya ngano paka macho yanachoka. Mawe ni machache. Lakini katika miaka ya 1880, majembe ya walimaji yakaanza kugonga mawe meusi, mazito kama chuma. Watu wakayatumia kukandamiza vifuniko vya mapipa ya maji, basi. Mama Eliza Kimberly peke yake akayakusanya. Zamani, akiwa mutoto wa shule, aliona jiwe lililoanguka toka mbinguni, na hakusahau. Majirani walimucheka. Yeye akaandikia wataalamu barua, moja kisha ingine, miaka. Mwaka wa 1890 Profesa Francis Cragin wa Chuo cha Washburn akafika, akaangalia, akanunua mengi. Pesa zikasaidia familia kulipia shamba.

Ndani mulikuwa nini? Ukikata jiwe lile na kulisugua, unaona chuma na nikeli zimeshika vijiwe vya rangi ya asali na ya majani mabichi. Ni olivini, ile safi wachonga vito wanaiita peridoti. Inua kipande chembamba mbele ya jua: mwanga unapita sawa katika vioo vya rangi vya dirisha la kanisa.

Asili yake ni mbali. Karibu miaka miliari 4 na nusu iliyopita, dunia ndogo zilizozunguka jua ziligongana. Chuma kilichoyeyuka kikaingia katikati ya olivini, kikapoa polepole sana. Kisha dunia zile zikavunjika, vipande vikatawanyika angani, na vingine vikaanguka Kansas. Mawe hayo yanaitwa palasiti, kwa jina la Peter Simon Pallas, aliyechunguza moja kule Siberia mwaka wa 1772. Katika mawe 100 ya angani yanayojulikana, palasiti haifikii hata moja.

Na shamba halikuisha: mwaka wa 2005, karibu na Haviland, likachimbuliwa ingine la kilo zaidi ya 600.

Vijana, majirani wa Mama Kimberly walishika mawe yaleyale. Walipungukiwa kujua tu. Mukikuta jiwe geni, ulizeni kwanza mwenye kulisomea, mbele ya kulitupa ao kuliuza bei ya bule.