Kikuukuu si Kachara

Mimi ni karani wa parokia hapa Bariadi. Zamani nilisoma chuo cha ualimu, na mazoea ya mwalimu hayajaniisha: nikisikia neno napenda kulipima. Leo nataka tupime pamoja maneno tunayoyatumia kwa vitu vilivyochakaa. Ni mengi, tena kila moja lina mahali pake.

Nguo ikipoteza rangi husemwa imechujuka. Ikichanika ikashonwa, ina viraka. Ikiraruka isishoneke tena, ni mararu, na vipande vyake ni matambara ya kufutia meza. Chungu kikivunjika ni vigae, lakini mama zetu walichukulia kigae makaa ya moto kwa jirani. Jembe likilika mpaka likabaki dogo, watu wa pwani huliita kiserema. Na mkulima wa pamba ajua kwamba jembe dogo la namna hiyo lafaa sana kupalilia katikati ya miche. Mkeka uliochakaa huitwa mbacha. Ndiyo asili ya methali, “Usiache mbachao kwa msala upitao.” Wengi huisema bila kujua mbacha ni nini. Ni mkeka mkuukuu, lakini ni wako, na usiku utaulalia.

Angalieni basi: karibu maneno yote haya yasema kwamba kitu kimetumika, na bado kina kazi. Neno linalokitupa kitu jalalani ni jingine, nalo ni kachara. Kitabu cha ubatizo ninachokishika kila siku kimelika pembe, na mgongo wake nimeubandika karatasi. Lakini kijana akitaka kufunga ndoa, ndicho kinachomshuhudia kwamba alibatizwa. Nani atakiita kachara? Vivyo hivyo Mji Mkongwe wa Unguja una nyumba nyingi zilizochakaa, na nyingine ni magofu, lakini mwaka 2000 UNESCO iliuweka katika orodha ya urithi wa dunia. Ukongwe wake ndio heshima yake.

Tena maneno huhama. Zamani mtumba ulikuwa mzigo uliofungwa, aliouchukua mpagazi katika misafara ya kwenda na kurudi pwani. Wanyamwezi na Wasukuma waliijua sana kazi hiyo. Leo ukisema mtumba, kila mtu afikiri nguo iliyokwisha kuvaliwa Ulaya au Marekani, inayofika kwetu katika marobota. Neno limetoka begani kwa mpagazi, limefika mnadani.

Kuna kuhama kwingine kunakonitia hofu, maneno ya vitu yanapohamia kwa watu. Mtu aliyekonda twamwita gofu la mtu. Mzee twamfanya kizee, mkongwe, kikongwe. Najua si kila neno la namna hiyo ni dharau, maana twasema pia kijana na kiongozi. Lakini asemaye “kile kizee” badala ya “yule mzee” amekwisha kumtoa katika watu na kumweka pamoja na vigae na vikapu.

Hapa Usukumani jambo hili si la mzaha. Kwa miaka mingi bibi zetu wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi kisingizio kimekuwa macho mekundu. Macho hayo yametoka wapi? Kuni ni haba. Bibi amepika miaka 50 kwa samadi kavu na miti ya pamba, katika nyumba isiyo na dirisha. Moshi ndio uliomchakaza macho, naye alikuwa akitupikia sisi. Wala panga haliji ghafla, maneno hulitangulia. Kwanza haitwi bibi tena, aitwa kizee. Kisha aitwa kile. Kisha watu huanza kuuliza kingali kinafanya nini duniani.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 yamtaja mzee kuwa mtu wa miaka 60 na zaidi. Yahesabu miaka yake tu, haikumwita kikuukuu.

Basi wazazi, tuanze nyumbani. Mtoto akisema “kile kizee”, tusimcheke; tumrudishe papo hapo aseme “bibi”, hata kama bibi huyo si wa ukoo wetu. Na yule aishiye peke yake mwisho wa kijiji, tumpelekee kuni kavu, tena vijana wamtobolee dirisha moshi upate kutoka. Jioni watoto waende wakaketi naye, wasikie habari za zamani, wamzoee. Si rahisi mtu kumwogopa aliyemzoea.

Mkeka ukichakaa twauita mbacha, wala hatuutupi. Je, yeye aliyetulaza juu ya mkeka huo?