Wadai Wasiohudhuria Maziko



Kila jeneza linapowekwa mbele ya safu, kabla ya takbira ya kwanza, huulizwa swali ambalo sote tumelisikia tangu utotoni: je, yupo anayemdai marehemu? Kama yupo, ajitokeze sasa, ama awaone wafiwa baada ya maziko. Swali hilo si pambo la ada. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba Mtume (S.A.W.) aliletewa jeneza la mtu aliyekufa akidaiwa, na hakuacha mali ya kulipia. Akawaambia masahaba wamsalie mwenzao, yeye asimsalie, mpaka Abu Qatada (R.A.) aliposimama akalibeba lile deni. Hapo ndipo Mtume alipomsalia.

Nimekaa Kisumu zaidi ya miaka ishirini, na swali hilo nimeliuliza mara nyingi mno. (Msomaji wa Lamu au Mombasa asidhani kwamba Uislamu wa ziwani ni wa jana. Reli ilifika hapa Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence, nao Waislamu wengi wakaja pamoja nayo. Leo safu moja huwa na Mnubi wa Kibos, Mswahili wa Kaloleni, Mpunjabi, Msomali na Mjaluo.) Katika miaka yangu ya mwanzo, jibu lilikuwa likipatikana. Mwenye duka alinyanyua mkono. Mwenye mtumbwi alimvuta kando mtoto wa marehemu, akamnong'oneza. Na aghalabu aliyesimama kudai alisimama ili asamehe, akisema mbele za watu kwamba amemwachia ndugu yake kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Nimewaona watu wakilia kwa kauli hiyo kuliko walivyolilia kifo chenyewe.

Siku hizi nikiuliza, msikiti hunyamaza. Si kwamba watu hawadaiwi. Wanaodai hawamo msikitini, wala si watu. Wamo ndani ya simu.

Sisemi haya kwa kuichukia simu. Ukiteremka asubuhi ufukoni Dunga utaona neema yake kwa macho. Mitumbwi ya omena, yaani dagaa wa ziwani, huvua usiku kwa mwanga wa taa na kurudi kukikucha. Akina mama hununua, huanika juani, kisha hupima kwa gorogoro na kupeleka mzigo soko la Kibuye au mbali zaidi. Zamani mama alilazimika kushinda ufukoni bila kujua ni mtumbwi upi umepata, huku fedha zake zimefungwa kwenye pindo la leso, na kila mwenye macho mabaya anajua zilipo. Leo humpigia simu mwenye mtumbwi kabla hajatoka nyumbani. Taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, yenye kituo hapa Kisumu, iliwahi hata kuanzisha huduma ya kuuliza bei ya samaki kwa ujumbe mfupi. Malipo hupita kwa M-Pesa, na kabla ya adhuhuri sehemu ya faida imekwisha kuwa karo ya mtoto aliye chuoni Nairobi. M-Pesa ilianza Machi 2007. Sisi tuliokuwa tukiwatumia wazee wetu wa pwani fedha kwa bahasha mkononi mwa kondakta wa basi, tukishinda tunaomba dua bahasha ifike, hatuhitaji kuelezwa faida yake.

Iko faida nyingine ambayo nadhani hatuizungumzi vya kutosha. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, katika Suratul Baqara, inahusu deni. Inatuamrisha tuliandike pamoja na muda wake, mwandishi awe mwadilifu, anayedaiwa ndiye aseme kinachoandikwa, na mashahidi wawepo. Kwa miaka mingi biashara ndogo za akina mama ziliendeshwa kwa kumbukumbu ya kichwa, na mwenye sauti kubwa ndiye aliyeshinda ugomvi. Sasa ujumbe wa simu unabeba jina, kiasi, tarehe na saa. Nimesuluhisha magomvi kadhaa ya fedha ambayo yalikwisha dakika ile mama alipofungua simu yake akaniwekea mezani.

Lakini itazame aya vizuri. Inataka mwandishi, na inataka mashahidi. Katika mkopo wa simu mwandishi yupo, tena hasahau hata senti. Mashahidi ndio hawapo.

Novemba 2012 ilikuja M-Shwari, mkopo unaoombwa kwa kubonyeza, wenye ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Januari 2019 ikaja Fuliza, inayomwezesha mtu kulipa hata kama fedha zake hazitoshi, kisha fedha inayoingia baadaye hukatwa deni kwanza. Katikati yake zikamiminika programu za mikopo, kila moja na jina tamu. Iitwe ada ama iitwe gharama, maadamu ni nyongeza ya lazima juu ya fedha iliyokopeshwa, hukumu yake wasomaji wangu wanaijua, na zile zinazojiita za halali zinastahili makala ya peke yake. Leo nataka tuangalie jambo jingine. Zamani kukopa kulikuwa na uso. Ulikwenda kwa mtu, ukameza mate, ukasema shida yako. Haya ile ilikuwa na kazi yake: ilikufanya ukope unachohitaji tu, na ilimfanya angalau mtu mmoja duniani ajue kwamba unadaiwa. Leo mtu hukopa saa saba za usiku, kitandani, mgongo ameupa ukuta, na aliyelala pembeni yake hajui.

Mwaka uliopita tulimzika mtu wa makamo, dalali wa samaki, mpole, asiyekosa jamaa ya alfajiri. Niliuliza swali langu, hakuna aliyejibu. Nduguze wakasema kwa moyo mkunjufu kwamba marehemu hakuwa na deni. Mkewe akaingia eda. Siku ya tano ujumbe ukaanza kuingia katika simu ya marehemu, kisha zikaja simu. Wadai walikuwa watatu, wote programu za mikopo. Jumla, pamoja na nyongeza, ilikaribia shilingi elfu thelathini. Mmoja katika hao alikuwa amechukua namba za watu kutoka katika simu ya marehemu, kwa hiyo akampigia shemeji mtu, akampigia fundi cherehani, akampigia hata mwalimu wa madrasa ya watoto, akiwaambia wamkumbushe fulani alipe deni lake. Mjane akapata habari ya deni la mumewe kutoka kwa jirani, naye yumo ndani ya eda.

Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zimekataza wakopeshaji kuwasumbua watu waliomo katika simu ya mkopaji. Familia inayofanyiwa hivyo ina haki ya kushtaki, na ikumbuke haki hiyo. Lakini mama yule hakuniita kwa ajili ya kanuni. Aliniuliza, kutoka nyuma ya pazia, kama sala ile tuliyomsalia mumewe ilimfaa.

Nilimweleza kwamba rehema ya Mwenyezi Mungu haizuiwi na programu. Kisha tukalishughulikia deni. Katika mali ya marehemu, yakishatolewa mazishi, deni hutangulia wasia na mirathi. Ndugu wawili walitaka pikipiki igawanywe kwanza, nikawakatalia. Rasilimali ilikusanywa ikalipwa, na juu ya ile nyongeza tulijadiliana na wadai mpaka wakaipunguza.

Baada ya hapo nilianza kuwauliza watu, na niliyoyasikia yanatisha. Vijana wa bodaboda hukopa kwa programu moja kulipa nyingine, na wengine hukopa ili wacheze kamari ya mpira kwa simu ile ile. Wanawake wamo pia. Mama mmoja alikopa kununua mzigo wa omena, mvua ikanyesha siku nne, omena zikaoza, akakopa tena kulipa, na mumewe alidhani biashara inakwenda vizuri kwa sababu simu ya mkewe haikosi kulia.

Hapa wanaume wengine hudakia: basi mke amwoneshe mumewe namba yake ya siri. Siafiki. Mali ya mke ni yake kwa sheria ya Mwenyezi Mungu, na mume hana haki ya kuipekua simu yake kama askari wa forodha. Nimeona pia waume waliopewa namba hiyo kwa wema wakaitumia kumaliza akiba ya mke. Namba ibaki siri. Ninachotaka kitoke katika siri ni deni, la mke na la mume, na kwa uzoefu wangu waume ndio wafichaji wakubwa zaidi.

Kwa hiyo nimekuwa nikiwaomba watu wa mitaa yetu jambo dogo. Chukua karatasi. Andika kila unayemdai na kila anayekudai, mtu ama programu, kiasi na tarehe. Andika pia wapi zilipo akiba zako, bila namba ya siri. Itie katika bahasha, umwambie mtu mmoja mwaminifu ilipo, na uifanye upya kila mwezi unapoandama. Nanyi wafiwa, msiharakishe kuitoa fedha iliyomo katika simu ya maiti kwa sababu tu mtoto anaijua namba. Hiyo ni mali ya warithi na wadai. Kampuni itawaomba cheti cha kifo na nyaraka nyingine, na palipo na mzozo, Mahakama ya Kadhi ipo hapa hapa Kisumu.

Kwenye jeneza nami nimeliongeza swali langu. Baada ya kuuliza kama yupo anayemdai marehemu, huwaambia wafiwa wasiizime simu yake kwa siku arubaini.

Juma lililopita mama mmoja muuza omena aliniletea bahasha yake niitazame kama imeandikwa sawasawa. Madeni yake yalikuwa mistari mitatu. Wanaodaiwa naye walijaza kurasa mbili, wengine kwa majina, wengine "mama wa kona" na "yule wa baiskeli". Akaniuliza kama anaweza kuandika pembeni ni nani atakaosamehewa akifa na nani wasisamehewe. Nikamwambia inajuzu, ila awajulishe mapema. Akacheka, akasema wakijua mapema hawatalipa.