Ada ya Bweni, Kahawa Bado Iko Mtini

Watu wa mjini mnadhani presha ya English Medium ni ya Mbezi na Masaki tu. Nendeni Ntobeye, kule Ngara, mkaone.

Kuna mume na mke huko, wakulima wa kahawa na ndizi, binti yao kamaliza darasa la nne. Shule ya serikali ipo jirani, na ada ilishafutwa zamani. Lakini mama aliona kwenye status mtoto wa shoga yake, sweta safi, soksi nyeupe, Kiingereza kinatiririka kama maji. Usingizi ukakata.

Halafu huo ni mkoa wa Kagera, wenye Kaizirege na Kemebos, majina ambayo watu waliyazoea kwenye kumi bora. NECTA waliacha kutangaza kumi bora Januari 2023, ila wazazi orodha bado wanayo kichwani.

Walitaka kumpeleka bweni mapema zaidi. Machi 2023 Wizara ya Elimu ikapiga marufuku bweni kuanzia awali hadi darasa la nne bila kibali maalumu. Mama akakasirika kweli, akaanza kuhesabu miaka. Darasa la nne lilipoisha tu, wakaanza kumwandaa kwa usaili wa shule moja ya mbali, ada zaidi ya milioni mbili kwa mwaka.

Nyumbani Kihangaza kikawa marufuku. Kiingereza tu, hata cha kuombea maji. Bibi mtu, ambaye hadithi zake zote ziko kwa Kihangaza, akawa anakaa kimya jikoni na mjukuu wake, wanaangaliana.

Na hela? Baba kaingia butura. Kwa msioijua, butura ni kuuza kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa. Serikali imeikataza miaka nenda rudi, lakini mwenye shida ya ada anakutana na mnunuzi jioni, kimya kimya. Msimu ukifika unachuma kahawa ya mwenzio kwenye shamba lako mwenyewe. Na huyo binti ana wadogo zake wawili.

Usiku wa kuamkia usaili mtoto akauliza, "Mama, nikifeli nitabaki nyumbani?" Mama akamtuliza, "Usiogope mwanangu, hutafeli." Baba ndiye aliyeshtuka. Mtoto hakuwa anaogopa. Alikuwa anaomba.

Kafaulu. Sanduku limenunuliwa, godoro pia. Mama kaposti, pongezi zimemiminika. Baba kalike tu, hakuandika kitu.

Mama si mbaya jamani. Yeye aliishia la saba, hataki mwanaye aishie hapo. Ila ada ni ya kila mwaka, kahawa imeshauzwa, na mwenye safari hajaulizwa. Wewe ungekuwa huyo baba, ungesema kitu au ungenyamaza?