Homa Isiyo Malaria

Nilihitimu uuguzi Mombasa mwaka 1998, mwaka uleule Kenya ilipoiondoa klorokwini kuwa dawa ya kwanza ya malaria na kuweka Fansidar mahali pake. Sikuililia. Mimi ni mtu wa Munje, huku Kwale, binti wa mvuvi, na klorokwini naijua kwa ngozi yangu. Ukishaimeza, mwili unawasha toka nyayo hadi utosi, unajikuna usiku kucha, na asubuhi watu wazima wanakwambia hiyo ndiyo ishara kwamba dawa imeingia. Watoto wa kwetu tulijua kukibana kidonge chini ya ulimi na kwenda kukitema nyuma ya choo. Nilipovaa sare nyeupe, nilikuwa najua pa kuchungulia mtoto alipodai ameshameza.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa dispensari ndogo upande huu wa kusini, haina maabara, umeme wala gari. Agizo tulilopewa lilikuwa jepesi kushika: mtoto mwenye homa ana malaria, mtibu. Basi nilikuwa naweka kipimajoto kwapani, naangalia weupe wa viganja na macho, naandika kwenye rejista, natoa dawa. Aliyekuwa na nimonia akipata dawa ya malaria na ya kifua pamoja. Aliyekuwa na mkojo mchafu akipata dawa ya malaria. Hata aliyekuwa na mafua tu akipata dawa ya malaria. Jioni nikijumlisha rejista, ungedhani Kwale hakuna ugonjwa mwingine unaomfikia binadamu.

Malaria yenyewe hata hivyo haikuwa hadithi. Nilipohamishwa nikapelekwa wodi ya watoto, nilikutana nayo uso kwa uso. Wakati huo dawa ya malaria kali ilikuwa kwinini ya dripu, saa nne kila inapotundikwa, na kila baada ya saa nane unaanza upya. Hatukuwa na mashine ya kupima mwendo wa maji. Unasimama na saa mkononi ukihesabu matone, maana ikienda mbio moyo wa mtoto unaweza kuyumba, na hata ikienda vizuri sukari inaweza kushuka mtoto akalegea mikononi mwako ukadhani ni ugonjwa, kumbe ni dawa. Muuguzi mmoja, watoto wamejaa wodi, wengine wawili kitanda kimoja. Na pembeni kuna shangazi wa mgonjwa anayenong'ona kwamba degedege hii ni nyuni, pepo la ndege, itoeni hiyo sindano tumpeleke kwa mganga, au angalau anyweshwe kombe, maji yaliyooshewa aya za Kurani. Sikugombana nao. Nilikuwa nasema, shangazi, kombe liletwe hapahapa, dripu ibaki mahali pake. Wengi walikubali.

Kisha ikaja atesuneti. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi 9 za Afrika, Kilifi ikiwa mojawapo ya vituo vyake: watoto 5,425 wenye malaria kali, nusu wakipewa kwinini, nusu atesuneti. Waliokufa kwa kwinini walikuwa asilimia 10.9, kwa atesuneti asilimia 8.5. Ukiyasoma mbiombio unaweza kusema tofauti ni ndogo. Mtu aliyewahi kubeba maiti ya mtoto hadi mochari hasemi hivyo. Na kwetu wauguzi kulikuwa na faida ambayo sikuiona ikitajwa sana: sindano ya dakika chache inapoanza, nyingine baada ya saa 12, nyingine baada ya saa 24. Usiku ukapata nafasi ya kumtazama mtoto mwenyewe badala ya kutazama matone.

Lakini kama ningeulizwa ni chombo gani kimebadilisha kazi yangu kuliko vyote, ningetaja kile kidude cha plastiki cha kupimia malaria. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilisema kila homa ipimwe kabla ya kutibiwa, na miaka michache baadaye vipimo hivyo vikafika hadi dispensari. Tone moja la damu ya kidole, matone ya maji yake, unasubiri dakika 15 au 20. Mstari mmoja hakuna, miwili ipo. Kina ila yake, kwa sababu kinaweza kuonyesha miwili wiki kadhaa baada ya mtu kupona, kwa hiyo lazima umuulize mama mtoto alitibiwa lini. Mwaka 2015 serikali ilikodisha mashine kubwa za hospitali kwa kaunti zote, mambo ya mabilioni, na magazeti yaliandika sana. Kidude hiki hakikukatiwa utepe na mtu yeyote.

Taabu ilianza pale kilipoonyesha mstari mmoja.

"Mwanangu, huyu ana malaria," bibi mmoja aliniambia, mjukuu wake kamlaza pajani. "Mimi nimelea saba, malaria naijua."

"Bibi, kipimo hakikuiona."

"Basi pima tena. Hicho kimechoka."

Nikapima tena mbele yake, na kingine kipya, kwa heshima ya umri wake. Mstari mmoja. Akaniuliza swali ambalo vitabu vyangu vya chuo havikuwa vimeniandaa kulijibu: kama si malaria, ni nini? Nilisikiliza kifua, nikatazama masikio na koo, sikuona kitu. Nikampa Panadol na maneno. Alipotoka nilimwona akikunja kona kuelekea duka la dawa, na nilijua anakwenda kununua nini. Simlaumu. Tulimfundisha sisi wenyewe kwa miaka mingi kwamba homa ni malaria, kisha siku moja tukamwambia sivyo, bila kumpa jina jingine la kurudi nalo nyumbani.

Nilikuja kupima thamani ya kidude kile wakati wa mgomo. Mwaka 2017 wauguzi wa kaunti nchi nzima tulishusha zana tarehe 5 Juni, hatukurudi hadi mwanzoni mwa Novemba. Sababu za mgomo zilikuwa za haki na bado nazitetea. Lakini mgomo hauna mlango wa kufunga ukiwa unaishi Munje. Usiku unasikia hodi, jirani yuko nje na mtoto anachemka, na wewe huna kipimo, huna dawa, una kiganja chako tu. Nikarudi kugusa vipaji vya nyuso kama mwaka wa kwanza wa kazi, nikiwaambia wenye nauli waende hospitali za kulipia, na wasio nayo nikiwasindikiza kwa maji, chumvi na sukari. Anayedhani kiganja cha nesi mzoefu kinatosha na ajaribu mwezi mmoja.

Jibu la swali la bibi lilikuwapo karibu kuliko nilivyodhani. Msambweni imechunguzwa na watafiti tangu miaka ya themanini, kwanza kwa ajili ya kichocho, na wazee wa kwetu wamezoea kuona magari ya maabara. Wamezoea pia kuuliza, nusu kwa utani nusu kwa kumaanisha, kama hawa si mumiani, wanyonya damu: damu yetu inakwenda wapi? Ni swali la haki. Kuanzia mwaka 2014, damu za watoto wenye homa wa Msambweni na Ukunda zilichunguzwa, na ndani yake zikakutwa dengue na chikungunya. Hawa walikuwa watoto wa aina ileile niliyokuwa nikiirudisha nyumbani na Panadol. Mimi nilizisikia habari hizo kwenye semina, muda mrefu baada ya kuandikwa kwa Kiingereza mahali ambapo nesi wa dispensari hafiki.

Habari ile ilibadilisha maneno yangu kwa wazazi siku iliyofuata. Mbu wa dengue huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakitoshi. Anazaa kwenye mapipa, matairi na vifuu vya nazi vilivyotupwa uani vikashika maji. Na mgonjwa anayeshukiwa dengue hapewi diklofenaki, ibuprofen wala aspirini, kwa sababu zinaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu. Vidonge hivyo ndivyo vinavyouzwa kwa reja karibu kila duka barabarani toka Likoni hadi Lunga Lunga.

Siku hizi Kwale inatajwa tena nje. Matokeo ya utafiti uliofanyika hapa, yaliyochapishwa Julai 2025, yanaonyesha kwamba pale watu walipomeza ivermektini mara moja kwa mwezi kwa miezi 3, ili mbu anayewauma afe, maambukizi ya malaria yalipungua kwa asilimia 26 kwa watoto wa miaka 5 hadi 15, ukilinganisha na pale walipopewa dawa nyingine. Ni dawa ileile ya minyoo na upele. Nimeifurahia habari hii, na safari hii niliisikia mapema. Lakini kadiri malaria inavyopungua, ndivyo vidude vyenye mstari mmoja vitakavyozidi kwenye meza yangu, na swali la bibi litakuwa la kila asubuhi.

Kipimo cha dengue cha aina ileile ya tone moja kipo duniani. Kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni kipo, na ndicho kinachokuonyesha nimonia inayohitaji kupelekwa hospitali kabla mtoto hajabadilika rangi. Wenye kupanga bajeti ya afya, Kwale na Nairobi, naomba vitu hivi viwili vifike dispensari kabla ya mashine nyingine kubwa kununuliwa au kukodishwa, na matokeo ya utafiti wowote unaochukua damu ya watu wetu yasomwe kwa Kiswahili au Kidigo kwenye baraza la chifu. Nawe mzazi, ukiambiwa hakuna malaria usipitie dukani kununua dawa ya malaria. Mpe maji mengi, rudi naye homa isiposhuka baada ya siku mbili, na mlete saa hiyohiyo, hata usiku, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akishikwa na degedege, akipumua kwa shida au akitokwa damu.