Pengo Chini ya Goti

Mimi ni kinyozi, na kinyozi hana kazi ya kuketi. Kwa hivyo daktari aliponiambia goti langu la kushoto limeanza kulika upande wa ndani kwa sababu ya matege, swali langu la kwanza lilikuwa moja tu: nitasimama tena lini?

Upasuaji wenyewe ukielezwa unatisha. Wanakata muundi kutoka upande wa ndani, chini kidogo ya goti, lakini hawaukati wote. Upande wa nje wanaacha mfupa kidogo uwe kama bawaba. Halafu wanapanua ule mkato polepole hadi mguu unyooke na uzito uhamie upande wa goti ambao bado ni mzima. Bamba la chuma na skrubu vinashikilia hapo. Kinachobaki ndani ni pengo lenye umbo la kabari.

Shangazi alinikatiza nilipofika hapo kwa pengo. "Kwani shimo litaachwa hivyo tu? Si lijazwe!"

Hata mimi niliona hivyo. Na vya kujazia vipo: mfupa kutoka nyonga yako mwenyewe, mfupa uliotolewa kwa mtu aliyefariki ukatayarishwa, ama vipande vilivyotengenezwa kwa madini ya kalisi. Mfupa wako ndio umesifiwa miaka mingi, maana unakuja na seli hai. Lakini kizuri hakikosi ila. Nyonga nayo lazima ipasuliwe, na maumivu yake yanaweza kukaa miezi. Vipande vya kutengenezwa havikuachii kidonda cha pili, ila vinaongeza bili.

Kumbe mfupa si barabara ya kungoja kaunti ije na lami. Una damu, na unajijenga. Pengo likiwa dogo, milimita 10 hivi kushuka chini, na bamba likiwa la aina ambayo skrubu zinajifunga ndani yake, mara nyingi mfupa huungana bila kujazwa kitu. Mfupa mpya huanza kuota kule kwenye bawaba, kisha husonga kuelekea upande uliofunguka. Unachohitaji zaidi ni kushikwa imara.

Si kila mtu ataambiwa hivyo. Pengo likiwa kubwa, mgonjwa akiwa anavuta sigara, ama bawaba ikipasuka wakati wa kupanua, kuungana kunaweza kuchelewa, na hapo kupandikiza mfupa kunaweza kuwa na maana.

Mimi sivuti. Kwenye eksirei ya mguu mzima, niliyopigwa nikiwa nimesimama, pengo langu lilipigiwa hesabu ya milimita 8. Nikauliza, "Daktari, sasa nyonga yangu iguswe ya nini?" Akasema haoni haja, ila bawaba ikipasuka atafikiria upya, na akataka idhini yangu kwa hilo mapema. Nikatia sahihi.

Upasuaji ni mwezi ujao. Nimeambiwa nijipange kwa wiki kadhaa za magongo, na miezi mitatu ama zaidi kabla mfupa haujashika vizuri. Kodi ya kibanda haitangoja, kwa hivyo rafiki yangu atanyoa wateja wangu na tutagawana pesa. Shangazi bado anauliza kuhusu lile shimo. Humwambia linajijaza lenyewe, polepole, na kwamba hata mimi uoga bado ninao.