Gari Lizimikalo Njiani

Ugonjwa uendao na kurudi huwasumbua waganga kuliko ule ukaao mahali pamoja. Mgonjwa akifika kwa daktari homa imekwisha shuka, daktari atapima nini? Ndivyo lilivyokuwa gari la chama chetu hapa Kirotshe mwaka 2019, kamioneti ya zamani ya petroli, yenye kabureta. Asubuhi liliwaka vizuri. Baada ya mwendo wa nusu saa lilizimika ghafula, na likiisha kupumzika liliwaka tena kana kwamba halina kosa lolote. Kila fundi aliyeitwa alilikuta likinguruma kwa furaha.

Jambo hili halikuwa la mchezo, kwa kuwa gari hilo lilichukua ndizi kwenda sokoni, na pia akina mama wajawazito kwenda hospitali. Tena injini ikizimika kwenye mteremko, breki hupoteza msaada wa injini; ikikanyagwa mara mbili tatu huwa ngumu kama jiwe. Hapo dereva asiipigepige, bali akanyage mara moja kwa nguvu bila kuachia, na kuingiza gia ndogo.

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Mmoja alisema petroli ni chafu, maana huku tunainunua kwa chupa na vidumu kwa wale vijana tuwaitao Kadhafi. Si neno la bure: vumbi na maji huziba vijia vyembamba vya kabureta. Mwingine akaulaumu mwinuko: Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, maji huchemka huku karibu na digrii 95, na petroli nayo huwahi kugeuka mvuke ndani ya mrija wake. Hilo nalo ni kweli. Basi pampu ya petroli ikanunuliwa, kabureta ikafunguliwa mara mbili, fedha za wanachama zikaisha, na gari likazimika vilevile. Kwangu mimi, kubadili vyombo kwa kubahatisha si ufundi, hata mkono ukiwa mwepesi namna gani.

Tukamwomba dereva aandike katika daftari kila linapozimika: saa ngapi, njia inapanda au inashuka, mvua au jua, petroli imebaki kiasi gani, na hasa limezimika namna gani. Injini ikosayo petroli hukohoa, hutikisika, huvuta kwa shida, kisha hufa. Ikosayo moto wa umeme hukatika mara moja, kama taa iliyopulizwa. Lilipokwisha kuzimika mara sita, tukasoma: halikuzimika hata mara moja likiwa baridi; mvua na jua ni mamoja; na kila mara lilikatika kama taa.

Ikabaki kuushika ugonjwa ungali mwilini. Lilipozimika karibu na Shasha, dereva hakungoja lipoe. Alichomoa plagi moja, akairudisha kwenye waya wake, akailaza juu ya chuma cha injini, mbali na petroli na bila kuishika kwa mkono, nami nikazungusha ufunguo. Hapakuonekana cheche. Taa ndogo ya kupimia ilionyesha kwamba umeme wa betri unaifikia koili, yaani kile chombo kiuongezacho nguvu hata uweze kuruka kwenye plagi. Baada ya dakika ishirini tukajaribu tena: cheche ya buluu, yenye nguvu!

Ndani ya koili mna nyaya nyembamba kama nywele. Zikipata joto hutanuka, na penye ufa hutengana. Zikipoa hugusana tena. Hata hivyo hatukukimbilia dukani, maana viungo vingine vya moto huweza kufanya vivyo hivyo. Tuliazima koili ya gari jingine la namna ileile. Kwa siku tatu tulikwenda Sake na Minova na kurudi, jua kali na mzigo kamili, wala halikuzimika.

Koili yetu ilinunuliwa Goma, kwa bei ndogo kuliko ile ya pampu. Pampu ya zamani ipo ghalani hata leo, nzima.